Silinda ya Alto

Maestro hakujua kuimba. Naanza na hilo kwa sababu kila mtu wa mji wetu wa Bunia aliyemjua huanza na hilo. Aliongoza koro ya kanisa letu miaka mingi, na katika umati wa waimbaji aliweza kumnyooshea kidole mmoja anayekosea huku amefumba macho. Lakini yeye mwenyewe akifungua kinywa kutuonyesha jinsi wimbo unavyokwenda, ilitoka sauti kama mlango wa chuma unaoburutwa juu ya saruji. Hatukucheka. Tantine mmoja, yaani mama mmoja wa soprano, aliwahi kucheka, akaambiwa aende nyumbani akalete uso mwingine.

Siku za kazi alikuwa fundi wa injini za mazuti, yaani dizeli. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko, kiwanja cha udongo uliolowa oili mpaka ukawa mweusi na mgumu kama lami, na bati chache juu ya sehemu ya kufanyia kazi. Huko pia aliitwa Maestro. Wateja ambao hawakuwahi kukanyaga kanisani walidhani ni cheo cha ufundi, na yeye hakuwasahihisha.

Kwake kazi zote mbili zilikuwa moja. Injini ya pikapu ina silinda nne, na koro ina sauti nne, basi alizipa silinda majina yetu. Ya kwanza kutoka mbele ni soprano, ya pili alto, ya tatu tenor, ya mwisho bass. Dereva wa kituo cha afya, mtu mnene mwenye maneno mengi, alikuwa akisimamisha gari na kulalamika kabla hajashuka.

"Maestro, iko inatetemeka kama mutu wa malaria."

"Zima. Washa tena." Maestro alisikiliza kidogo. "Tenor iko na njaa."

Alifungua silinda ya tatu, akatoa enjektere, lile bomba dogo linalonyunyizia mazuti ndani, na kweli ilikuwa imeziba. Aliisafisha, akairudisha, akapangusa mikono kwa mchanga. Injini ikatulia kama watu waliokubaliana.

"Sitaki nguvu," alikuwa akisema, kwa mafundi wake na kwetu waimbaji vilevile. "Nataka pamoja. Nguvu itajileta."

Kuna desturi yake moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Kabla gari halijawashwa alisimama mbele ya boneti na kuinua mkono wa kuume, kiganja kikitazama chini, kama anavyofanya mbele ya koro. Dereva hakuruhusiwa kugusa ufunguo mpaka mkono ushuke. Wageni waliona ni mchezo. Haukuwa mchezo. Alisema ile sauti ya kwanza ndiyo ya kweli, kwa sababu injini haijapata nafasi ya kujipanga iseme uongo.

Na hakupenda kupanda gari. Alitembea kwa miguu kutoka nyumbani mpaka karakana, kutoka karakana mpaka kanisani, mvua au jua. Dereva alipomsimamishia gari njiani na kumwita, "Maestro, panda basi, siye tunaenda upande moja," alitikisa kichwa. "Nikiwa ndani nasikia tu magonjwa yake. Sitafika na moyo muzuri." Kucha zake zilikuwa nyeusi siku zote. Jumapili alipoinua mikono mbele yetu, juu ya shati jeupe lililopigwa pasi, tuliziona sote, na sikumbuki mtu aliyeona aibu kwa niaba yake.

Mimi nilikuwa alto, na nilikuwa na kosa ambalo lilimchosha kuliko makosa yote. Nilichelewa kuingia. Nilikuwa mtu wa haya, na mpaka leo ni hivyo. Mkono wake uliposhuka, nilingoja nisikie wenzangu wameanza, ndipo nami niingie, ili sauti yangu isisikike peke yake hata kidogo. Ilikuwa ni pumzi moja tu ya kuchelewa. Watu wengine hawakuisikia. Yeye aliisikia kila mara.

"Kuko alto mumoja pale," aliiambia koro nzima, "anatungojea siye kwanza. Anataka kujua kama wimbo iko salama."

Walicheka, nami nikatazama viatu vyangu. Dada yangu mkubwa, ambaye namwita Yaya, alisimama kando yangu kila mazoezi, naye alipata dawa. Mkono wa Maestro ulipoanza kushuka, alinifinya. Nilishtuka, nikaingia kwa wakati. Baadaye Yaya aliolewa, akaenda kuishi kijijini, mbele ya Bogoro. Nikabaki bila wa kunifinya, na kosa langu likarudi.

Halafu vita vikafika kwetu. Mji ulibadilisha wakubwa, kisha ukabadilisha tena, na kila kundi lililoingia lilitaka pikapu kwanza, chakula baadaye. Pikapu ilikuwa mguu wa vita. Wapiganaji walikaa nyuma, miguu ikining'inia, bunduki zikitazama juu, na gari likaenda popote. Zile pikapu zilipougua zililetwa kwa Maestro, na hakuna aliyemuuliza kama anapenda. Alizitengeneza kama alivyotengeneza gari la kituo cha afya au la mchuuzi wa maharage. Nilimsikia mke wake akimuuliza kwa nini asiwaharibie kidogo tu. Alijibu kwamba mkono wake haujui njia hiyo. Sikusikia kama ni majivuno au huzuni. Nadhani vilikuwamo vyote viwili.

Habari ya Yaya ililetwa na mama mmoja muuza mihogo. Kijiji kilikuwa kimekimbiwa. Yaya na wengine walijificha bondeni, kwenye miti ya mtoni, chini ya ule mlima ambao madereva waliuita Rudi Kesho, kwa sababu mvua ikinyesha lori likijaribu kuupanda hurudi kinyumenyume mpaka chini na dereva hulala hapo. Yaya alikuwa na mimba ya kwanza, na muda wake ulikuwa umefika. Miguu ilikuwa imevimba, hawezi kutembea mpaka Bunia.

Gari la kituo cha afya lilikuwa limekwenda upande ule mara zaidi ya moja kutafuta wagonjwa na wanawake wenye mimba. Lilirudi tupu. Watu waliposikia injini ya pikapu walizama ndani ya majani, na hata muuguzi alipoita mpaka akapoteza sauti hakuna aliyetoka. Nani atatoka? Walioita kwa sauti nzuri kabla yake walikuwa wenye bunduki.

Siku ya mazoezi nilikwenda kanisani na sikuimba kabisa. Maestro alisimamisha wimbo.

"Alto hayuko hata nyuma leo," alisema. "Ameenda wapi?"

Koro ilicheka. Mimi nililia. Wote waliponyamaza aliwaambia watoke nje wakanywe maji, akaja akakaa kwenye benchi mbele yangu, akiwa amenipa mgongo. Sasa naelewa kwamba alifanya hivyo ili niweze kusema bila kutazamwa. Nikamweleza: Yaya, mimba, bonde, gari linalorudi tupu.

"Banakimbia juu ya sauti?" aliuliza.

"Ndiyo, Maestro. Banasema pikapu zote ni sauti moja. Hawawezi kujua gani ni ya muuguzi."

Aligonga benchi kwa kidole, mapigo manne, kisha tena manne.

"Pikapu zote ni sauti moja," alirudia. "Njo mimi niliziweka vile."

Ilikuwa kweli, ndiye aliyeziweka hivyo. Kila pikapu ya mazuti iliyokuwa ikitembea Bunia ilikuwa imepita mikononi mwake, na kila moja alikuwa ameiweka sawasawa, sauti nne kama moja, bila kasoro. Alikuwa ameupa mji mzima wimbo mmoja, na watu porini hawakuweza kutofautisha rafiki na adui kwa sababu kazi yake ilikuwa nzuri mno.

Kesho yake aliliingiza gari la kituo cha afya karakana. Mimi nilikwenda kila siku baada ya soko, nikikaa juu ya pine kuukuu, tairi lililochakaa, kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani. Alianza na ponti, yaani ule mhimili wa nyuma ulio na meno yanayozungusha magurudumu. Nyuma ya karakana kulikuwa na kamionete ya zamani, lori dogo la ukoo uleule wa pikapu hii, iliyobeba ng'ombe mpaka ikafa. Meno yake ya ponti yalikuwa ya zamani, ya taratibu: injini inazunguka sana, gurudumu linazunguka kidogo. Akayahamisha kwenye pikapu.

"Itakuwa na mwendo wa bata," Dereva alilalamika.

"Bata inapanda mulima?"

"Sijaona bata kwa mulima, Maestro."

"Basi utaona."

Bwati, lile sanduku la gia, lilikuwa limechakaa, na vipuri havikuweza kufika kwa sababu njia zote zilikuwa zimefungwa. Premié, gia ya kwanza, ilipenda kuruka yenyewe katikati ya mlima. Maestro alichonga upya kijiti kinachoishika, akapunguza kwa tupa, akajaribu, akapunguza tena, mpaka ikaingia na kutulia. Lakini kuingiza gia nyingine bila kelele kulihitaji mguu wa Dereva ujifunze upya ambrayage, ile klachi. Hapo nilimwona akimfundisha mtu mzima kuimba.

"Kanyaga ambrayage. Toa gia. Achia. Sasa nyamaza kidogo. Kanyaga tena. Ingiza."

Meno yakalia ndani ya bwati. Dereva akakunja uso.

"Umeruka kimya," Maestro alisema. "Katikati kuko kimya. Bila kimya ile meno inaumana. Tena."

Dereva alifundishwa mpaka jasho likapenya shati. Alipoacha kuruka kimya, gia iliingia kama kijiko ndani ya uji.

La mwisho ndilo lilimgharimu. Aliifungua enjektere ya silinda ya pili. Ndani kuna springi, na chini ya springi hukaa kibati cha duara, chembamba kama ukucha, kinachoamua mazuti yatoke lini. Alikata kibati kingine, kinene zaidi kidogo. Alikiweka, akafunga, akainua mkono, akaushusha, Dereva akawasha. Hakupenda alichosikia. Akafungua tena, akasugua kibati juu ya jiwe la kunolea, akafunga. Alirudia hivyo mchana wote, kwa uvumilivu ambao nilizoea kuuona akiondoa kosa, na sasa alikuwa anaweka kosa. Hatimaye injini ilikaa pale ikisema: soprano, tenor, bass, na alto nyuma yao, pumzi moja baadaye. Ilichechemea. Ilikuwa kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi anayekuja taratibu, na ukiisikia mara moja huwezi kuifananisha na nyingine.

Dereva alishika kichwa. "Maestro, batu batasema umezeeka."

"Baseme."

Walisema. Fundi wa jirani, kijana mwenye kofia nyekundu aliyekuwa akimheshimu, alikuja kusimama kwenye uzio na kuuliza kwa upole kama amsaidie kutazama silinda ya pili. Maestro alimwambia hakuna shida. Kijana akaondoka akitikisa kichwa, na kabla ya jioni soko lote lilijua kwamba sikio la Maestro limekwisha. Hakuweza kumweleza mtu sababu. Neno likitembea sokoni litafika pia kwa wenye bunduki.

Njia aliyotumia ilikuwa koro. Wamama wetu wa alto na soprano walikuwa na mashamba na jamaa pande zote za barabara ile. Aliwaambia maneno machache tu wakayabebe kwa mdomo, kwa mtu wanayemjua kwa uso: ikichechemea, usikimbie. Wale wamama niliokuwa nawadharau kwa umbea walilibeba neno lile kama yai. Sijui hata moja lililovunjika.

Lakini kabla gari halijatoka mjini, kamanda wa kundi lililokuwa mjini alikuja kulichukua.

Alifika karakana mchana na vijana wake, akazunguka gari, akapiga teke pine. Alikuwa kijana kuliko Dereva. Maestro alikuwa chini ya gari jingine, akatoka, akasimama na mikono yake myeusi.

"Hii ni ya nani?"

"Ya kituo cha afya, afande," Dereva alijibu. "Ya bagonjwa."

"Leo ni yangu. Ufunguo."

Alipanda na kijana mmoja, akawasha. Gari likaanza kuchechemea. Akasikiliza, akamtazama mwenzake. Akaingiza gia bila kimya cha katikati, meno yakapiga kelele mpaka mbwa wa karakana akaamka. Wakatoka barabarani. Tulisikia injini ikilia kama inakimbia mbio zote, na tuliona gari likienda mwendo wa mama aliyebeba maji. Baiskeli iliyobeba ndizi ikalifikia. Mwenye baiskeli aligeuka, akaona bunduki, akaogopa kupita, akapunguza mwendo kwa heshima. Hata hivyo akalipita.

Nililifuata kwa macho. Kwangu, ndani ya gari lile alikuwamo Yaya na mtoto wake, ingawa walikuwa mbali bondeni.

Kamanda alirudi, akazima, akashuka polepole.

"Nani alitengeneza hii?"

"Ni mimi, afande," Maestro alisema.

"Njo weye banaita Maestro? Wa kwanza kwa Bunia?"

"Njo mimi."

Kamanda akageukia vijana wake. "Hii haiko gari. Ni mashini ya kusaga muhogo, banaiwekea pine." Wakacheka wakashikana mabega. "Muzee, alama ya wa kwanza iko wapi? Kama weye ni wa kwanza, wa pili anatengeneza nini, majeneza?"

Maestro alitazama chini. Kamanda alitupa ufunguo kwenye udongo na kusema waendelee nayo na wagonjwa wao, kwa sababu mwenye afya akipanda ataugua. Wakaondoka kutafuta gari lenye nguvu mahali pengine.

Walipopotea, Dereva aliuokota ufunguo, akaubusu, akaanza kucheza dansi peke yake katikati ya karakana, tumbo lake likifuata nyuma. "Umeshinda, Maestro. Umemushinda bila ata kuinua macho."

"Nyamaza," Maestro alisema. "Nimetukanwa mbele ya alto wangu."

Lakini midomo yake ilikuwa inatetemeka, na haikuwa hasira. Akageuka upesi akaingia chini ya lile gari jingine, na kutoka chini kule tulisikia anacheka.

Tukaenda kesho yake asubuhi: Dereva, muuguzi, na mimi. Nilichukuliwa kwa sababu najua uso wa Yaya, na kwa sababu Maestro alisema niende. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipita vizuizi, na kila kizuizi walitucheka kabla hatujafika, wakiisikia inakuja. Mmoja alimpa Dereva ndizi kwa huruma. Tulishuka Rudi Kesho tukiteleza, tukafika bondeni karibu na miti. Dereva alisimama, akatoa gia, akaacha injini ikiguna yenyewe.

Muuguzi hakuita. Hatukushuka. Tulikaa tu, na gari likasema neno lake: tatu, kisha moja nyuma. Majani hayakutikisika. Nilimwomba Mungu bila maneno. Niliangalia pale miti inapoanza mpaka macho yakauma.

Mtoto alitoka kwanza, akavutwa nyuma na mkono. Kisha mkono ukatoka na mwenyewe, mama mzee. Akasimama nje ya majani, kichwa kimeinama upande, akisikiliza. Akageuka akasema kitu. Kisha bonde likatoa watu. Walitoka mahali ambapo ningeapa hapana mtu: nyuma ya jiwe, kwenye mfereji, chini ya majani ya ndizi. Na katikati yao, akishikwa na watu pande mbili, Yaya, tumbo mbele, miguu kama mihogo. Aliponiona hakusema jambo la mwanzo ambalo mtu angefikiri.

"Nilisikia nikasema, huyu ni mudogo wangu anachelewa kuingia."

Akanifinya mkono, palepale alipozoea. Nilidhani anatania. Aliketi nyuma kwenye godoro, na uchungu ulikuwa umeshaanza.

Waliokuwa hawajiwezi walipanda wote, mpaka springi zikalala. Wenye nguvu walitembea pembeni. Mbele yetu Rudi Kesho ilikuwa nyekundu na inang'aa kama sabuni. Dereva alifuta mikono kwenye suruali, akaingiza premié, akaachia ambrayage taratibu kama mtu anayeweka mtoto kitandani.

Gari lilianza kupanda. Halikuwa na haraka hata kidogo. Pine zilishika, zikateleza, zikashika, na ule mwendo wa bata uliochekwa mjini ulitusukuma mbele bila kukata pumzi. Hapo nikasikia jambo ambalo sikulitegemea. Kadiri mzigo ulivyokuwa mzito na mlima ulivyosimama, kuchechemea kulipungua. Alto ilisogea karibu na wenzake, karibu zaidi, kisha ikaingia. Zote nne zikawa moja, zikaimba kwa sauti ile ya chini, pana, ambayo koro yetu iliipata siku chache tu katika mwaka. Katikati ya mlima premié haikuruka. Wale waliotembea pembeni walianza kupiga makofi kwa mdundo wa injini, na mama mzee mmoja nyuma akapiga vigelegele, na Yaya kati ya uchungu na uchungu alikuwa anacheka.

Dereva hakuondoa macho barabarani mpaka kileleni. Pale juu kwenye tambarare alipunguza mwendo, gari likaanza tena kuchechemea kama halijafanya kitu.

"Bata," alisema, akafuta macho kwa mkono wa shati. "Bata imepanda."

Yaya alijifungua kituoni, mvulana, kabla jua halijashuka. Jina lake la ubatizo lipo, lakini Dereva alipomwona alisema mtoto wa kwanza, aliyepanda kwa gia ya kwanza, ataitwa nani kama si Premié? Hivyo ndivyo anavyoitwa mpaka leo, hata shuleni.

Nilikimbilia karakana kumwambia Maestro. Dereva alikuwa ameshafika. Maestro hakuwa ameuliza habari za watu, kwa sababu aliona uso wa Dereva. Aliuliza jambo moja.

"Kwa mulima, iliimba?"

"Iliimba yote ine, Maestro. Yote ine."

Maestro akaitikia kwa kichwa, akachukua kitambaa, akaenda nyuma ya ile kamionete ya ng'ombe. Na tukamsikia huko anaimba. Ilikuwa mbaya sana, kama nilivyosema mwanzoni. Watu wa soko walisimama kusikiliza kama kuna mtu ameumia. Hakuna aliyecheka, isipokuwa Dereva, na yeye alikuwa analia vilevile.

Gari lile lilikwenda na kurudi barabara ile muda wote wa vita uliobaki. Waliochukua pikapu nyingine zote hawakuwahi kulitaka lile. Wapo watu wengi Bunia leo wanaotembea kwa sababu walisikia silinda ya pili imechelewa.

Nilimwona tena kazini mwaka huu. Mji ulikuwa umetulia kiasi cha mtu kuweza kufikiria vitu vidogo. Nilipita karakana na Premié, ambaye sasa hubeba mfuko wake wa shule mwenyewe. Maestro amezeeka, sikio la kushoto limeanza kumwacha kweli, na lile gari la kituo lilikuwa mbele yake, boneti wazi. Dereva alikuwa amekaa juu ya pine, hana raha.

"Nilitoa kibati," Maestro aliniambia, kabla sijamsalimu vizuri. "Nilisema vita imeisha, alto aingie na benzake. Nimebeba ile haya miaka yote. Niliiweka sawa kabisa."

"Na iliimba muzuri," Dereva alisema. "Juzi nikaenda nayo Bogoro. Kuko mama mumoja ananiuzishaga mahindi kwa njia, kila wiki. Alisikia nakuja akatupa kitunga, akakamata batoto, akaingia kwa mihogo. Nilishuka kumuita. Hakutoka."

Maestro alifungua kiganja chake cheusi. Kile kibati kilikuwamo, cha duara, chembamba, kimeng'aa. Hakuwa amekitupa.

"Weye uko na macho muzuri," aliniambia. "Nishikie hii wakati nafungua. Nilisumbuka sana kuipima siku ile, unakumbuka? Ilikuwa inachelewa sana, ao kidogo sana. Nilitaka ichelewe kama weye. Dada yako angeijua kati ya injini zote za dunia."

Nilisimama nimekishika. Yeye, kwa mara nyingine, alikuwa amenipa mgongo. Premié aliniuliza kwa nini nalia nikamwambia ni moshi, ingawa gari lilikuwa limezimwa.

Alikiweka mahali pake. Akafunga kwa mkono, kisha kwa spana. Dereva akapanda. Maestro akasogea mbele ya boneti, akajinyoosha, akainua mkono wa kuume, kiganja chini. Wapita njia waliomjua walisimama. Akaushusha mkono, na Dereva akawasha.

Soprano, tenor na bass zikaingia. Mkono wa Maestro ukabaki wazi hewani, ukingoja bila haraka, mpaka alto naye akaingia.